BMW R100RT, BMW K100RT au Honda Gold Wing GL1200: ipi utaweza kuitunza mwenyewe?

Mtu anayetaka pikipiki kubwa ya safari, na ambaye mfuko wake haumruhusu kununua mpya, mara nyingi hubaki na majina matatu mkononi: BMW R100RT, BMW K100RT na Honda Gold Wing GL1200. Zote tatu zilitengenezwa kwa ajili ya kwenda mbali, na kila moja ina shafti badala ya mnyororo. Zote pia zimezeeka. Wingi wake uko Ulaya na Marekani, kwa hiyo msomaji anayeishi Hamburg, Leeds au Minneapolis atakutana nazo katika matangazo ya mauzo mara kwa mara, ilhali Dar es Salaam, Nairobi au Muscat ni bahati kuikuta moja, na atakayeinunua huko itambidi ajitegemee kwa mengi.

Ulinganisho huu hauulizi ipi ina kasi au ipi inapendeza. Unauliza hivi: ikikugomea njiani, utajuaje inaumwa nini, na utaitibu kwa vifaa gani? Naamini pikipiki kongwe huchaguliwa kwa kuangalia magonjwa yake kabla ya sifa zake. Sifa za kiwandani zimekwisha kupunguzwa na miaka, lakini udhaifu wa asili wa kila aina haujabadilika, na waliozimiliki kwa miongo mingi wameujua wote. Mnunuzi anayeufahamu mapema huchagua ugonjwa anaoweza kuuguza.

Kwa ufupi, R100RT ilianza mwaka 1978. Ina silinda mbili zilizolala kushoto na kulia, ujazo wa sentimita za ujazo 980, hupozwa kwa hewa, na hulishwa na kabureta mbili za Bing. Ilisimamishwa mwaka 1984, ikarudi 1987 ikiwa na nguvu iliyopunguzwa kidogo, na ikaendelea hadi 1995. K100RT ni ya 1984 hadi 1989. Ina silinda nne zilizolazwa ubavu kwa mstari mmoja, ujazo wa 987, hupozwa kwa maji, na petroli yake hupulizwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta ya Bosch iitwayo LE-Jetronic. GL1200 iliunganishwa Marysville, jimbo la Ohio, kuanzia 1984 hadi 1987. Ina silinda nne, mbili kila upande, ujazo wa 1,182, hupozwa kwa maji na ina kabureta nne, isipokuwa matoleo machache ya 1985 na 1986 yaliyowekewa nozeli.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo sita: urahisi wa kutambua hitilafu, mfumo wa kuchaji na wa cheche, mfumo wa petroli, matengenezo ya kawaida, kazi kubwa zinazodai kuitenganisha mashine, na upatikanaji wa vipuri pamoja na fundi. Havina uzito sawa. Kuchaji na petroli ndiko safari nyingi za pikipiki kongwe hukatikia, ndiyo maana nitakaa huko kwa muda mrefu zaidi.

Kutambua hitilafu

R100RT huonyesha shida zake waziwazi. Silinda zimetokeza nje, plagi hufikiwa bila kuondoa kitu, na kwa kuwa pande mbili zinafanana, upande mzima huwa kipimo cha upande mgonjwa. Unahamisha plagi, waya wa plagi au mpira wa kabureta kutoka kushoto kwenda kulia. Ugonjwa ukihamia kulia, umekwisha kumjua mkosaji. Hakuna kifaa cha gereji kinachoshinda njia hii ukiwa kando ya barabara.

K100RT inahitaji mtu mwenye subira na utaratibu. Kompyuta yake haihifadhi kumbukumbu ya makosa, na kifaa kinachotumika leo kusoma hitilafu za magari hakina pa kuchomekwa. Kinachobaki ni multimita na mchoro wa nyaya, kisha kupima pini moja baada ya nyingine: sensa ya joto la maji, swichi ya aksileta, rilei (swichi ya umeme) ya pampu, hadi lipatikane lisilolingana na kitabu. Kwa anayeufahamu umeme, kazi hii ni safi na haina ubahatishaji. Asiyeufahamu hubadilisha vipuri vya bei kubwa kimoja baada ya kingine, na mwishowe hugundua kwamba tatizo lilikuwa kutu ndani ya plagi ya waya.

GL1200 ina tabia ya kuficha. Injini yake ni laini kiasi kwamba silinda moja inaweza kuacha kufanya kazi na pikipiki ikaendelea kwenda, ikilegea tu mlimani na kunywa petroli kuliko kawaida. Njia rahisi ni kuiwasha ikiwa baridi na kunyunyizia maji kidogo kwenye kila bomba la eksozi karibu na silinda. Bomba ambalo maji hayakauki ndilo la silinda isiyochoma. Zaidi ya hapo, sehemu nyingi zimefunikwa kwa plastiki, na sehemu kubwa ya muda huishia kwenye skrubu na vifuniko kabla ya kuufikia ugonjwa wenyewe.

Kuchaji na cheche

Kipimo cha kwanza ni kimoja kwa zote tatu. Betri yenye afya iliyopumzika huonyesha takriban volti 12.6; injini ikizunguka kati ya mizunguko 3,000 na 4,000 kwa dakika, usomaji unapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Usipopanda, njia zinatengana.

Kwenye R100RT, anza na taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Taa hiyo ni sehemu ya saketi inayoiamsha alteneta (mashine inayozalisha umeme wa kuchaji betri), na balbu yake ikiungua, chaji inaweza kukosekana kabisa ingawa kila kitu kingine ni kizima. Swichi ikiwa imefunguliwa na injini imezimwa, taa lazima iwake. Isipowaka na balbu ni nzima, mtuhumiwa ni rota, sehemu ya alteneta inayozunguka: weka ncha za multimita juu ya pete zake mbili za shaba, na usome. Omu chache tu ni dalili ya uzima. Kukosekana kwa usomaji kunamaanisha waya wa ndani umekatika. Rota, brashi na bodi ya dayodi (inayogeuza umeme wa alteneta ili uweze kuchaji betri) viko nyuma ya kifuniko cha mbele kinachofungwa kwa bolti za alenki, na lipo onyo moja ambalo kila mwenye pikipiki hii hana budi kulishika: ondoa waya wa hasi wa betri kabla ya kukigusa kifuniko hicho, kwa maana kikigusana na bodi ya dayodi yenye umeme, bodi huungua papo hapo. Kuhusu cheche, matoleo ya hadi 1980 yana pointi na kondensa. Kuanzia 1981 kuna sensa iliyofungwa ndani ya kopo dogo mbele ya injini. Sensa hiyo ikichoka, injini huzima ikishapata moto na kuwaka tena ikipoa, dalili ambayo wengi huidhania kuwa ya petroli.

K100RT ina alteneta yenye nguvu kubwa zaidi kuliko R100RT, nayo imefungwa kwa nje nyuma ya injini, kwa hiyo kuchaji si ugonjwa wake mkuu. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kinategemea volti. Betri ikidhoofika, stata inaweza kuzungusha injini vizuri huku kompyuta ikikosa volti za kutosha kutoa cheche na petroli. Kabla ya kufungua chochote, jaribu betri unayoiamini, kisha safisha maungio ya waya wa ardhi chini ya tangi. Kazi hiyo ndogo imewaokoa wamiliki wengi na gharama ya kompyuta ambayo haikuwa na kosa.

GL1200 ndiyo yenye ugonjwa mzito zaidi katika kigezo hiki, na mnunuzi anastahili kuambiwa bila kufichwa. Koili ya chaji iko ndani, nyuma ya injini, na kuibadilisha kunadai injini yote itolewe kwenye fremu. Kutoka kwenye koili hiyo hutoka nyaya tatu za manjano zinazoingia kwenye kiungio cha plastiki, na kiungio hicho hupata moto hadi kuyeyuka. Fungua kiungio ukitazame. Ukiona plastiki imegeuka kahawia au pini zimekuwa nyeusi, kikate, uziunge nyaya kwa risasi moja kwa moja, na uzifunike vizuri. Kisha pima: omu kati ya nyaya mbili mbili ziwe ndogo na zinazolingana kwa jozi zote tatu, na pasiwe na usomaji wowote kati ya waya wa manjano na bodi ya injini. Usomaji ukionekana hapo, koili imeanza kuvuja umeme na siku zake zinahesabika. Wamiliki wengine, wakikwepa kutoa injini, hufunga alteneta ndogo ya gari kwa mbele na kuiendesha kwa mkanda. Ni suluhisho linalokubalika, mradi limefungwa na mtu makini.

Petroli

Hapa ndipo mazingira yetu ya Afrika Mashariki yanapoingia kwa nguvu. Petroli iliyochakachuliwa, maji ndani ya madumu, na kutu ya tangi la zamani huzisumbua zote tatu, ila kwa viwango tofauti.

Bakuli la kabureta ya Bing kwenye R100RT limeshikwa na waya mmoja wa chuma uliopinda. Unafunga koki, unausukuma waya kwa kidole, na bakuli linashuka mkononi likiwa na petroli yake. Maji yakiwemo utayaona yamekaa chini kama shanga; unamwaga, unapangusa, unarudisha, na safari inaendelea bila spana hata moja. Ukiona pikipiki inawaka na kutulia vizuri lakini inakataa kuvuta, fungua kifuniko cha juu cha kabureta na uuinue mpira mwembamba wa ndani kuelekea mwangani, kwani tundu dogo tu linatosha kulemaza silinda nzima. Boya nalo huzeeka, likanyonya petroli na kuwa zito, na kabureta ikaanza kufurika.

K100RT huficha pampu na chujio ndani ya tangi. Unapobonyeza kitufe cha stata unapaswa kusikia pampu ikivuma. Kimya kinakupeleka kwenye fyuzi, rilei na plagi ya waya chini ya tangi kabla ya kuilaumu pampu yenyewe. Mpira unaoishikilia pampu huyeyuka kwa uzee, na makombo yake huziba kichujio. Ikiwa injini inapanda na kushuka yenyewe bila kuguswa aksileta, tafuta mahali inapovuta hewa: bomba la mpira la hewa ya injini na mipira ya nozeli hupasuka upande usioonekana. Mfumo huu una faida kubwa kwa anayepanda milima mirefu, kwa kuwa kompyuta hupima hewa na kupunguza petroli yenyewe. Ila ukipata maji mengi ndani ya tangi mbali na mji, hutamaliza kazi kwa kidole kimoja.

Kabureta nne za GL1200 zimekaa pamoja katikati ya injini. Zikitumika kila wiki hazisumbui. Pikipiki ikiegeshwa miezi mingi na petroli ndani, njia nyembamba za kabureta huziba kwa utando, na kuzitoa zote nne, kuzisafisha na kuzisawazisha kwa geji za kupima mvuto wa hewa ni kazi ya kutoa jasho hata kwa fundi mzoefu. Kwa hiyo historia ya maegesho ni muhimu kuliko idadi ya kilomita. GL1200 iliyokimbia sana na kutunzwa ni salama kuliko iliyolala.

Matengenezo ya kawaida

R100RT hudai mkono wako mara kwa mara. Tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya valvu na kinachoisukuma, hupimwa injini ikiwa baridi, milimita 0.10 kwa valvu ya kuingiza na 0.20 kwa ya eksozi, kwa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) na spana mbili za kawaida. Andika vipimo kila mara: tapeti ya eksozi ikizidi kukaza kila unapoipima, kiti cha valvu kinazama, na hiyo ni kazi ya kichwa cha silinda. Kubadilisha filta ya oili nako kunahitaji uangalifu, kwa sababu oringi (pete ya mpira) ya kifuniko chake na shimu (kibati chembamba cha kujaza nafasi) yake hupangwa kulingana na kina cha mdomo wa filta. Ikikosewa, shinikizo la oili hupotea na beringi za injini hufa.

Kwenye K100RT tapeti hurekebishwa kwa shimu, lakini hazibadiliki haraka, na mara nyingi utapima na kufunga bila kugusa kitu. GL1200 haina tapeti za kurekebisha kabisa, kwani valvu zake hujirekebisha kwa oili. Badala yake ina mikanda miwili ya taiming yenye meno, inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, na hapo pasifanyike mzaha: mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Mpira huzeeka hata pikipiki ikiwa imesimama, kwa hiyo kama muuzaji hana ushahidi wa mikanda mipya, hesabu mikanda hiyo katika bei. Iko mbele ya injini, na kuibadilisha kunawezekana nyumbani kwa vifaa vya kawaida.

Mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, mabomba ya mpira ya breki, na umri wa tairi unaosomwa kwenye tarakimu nne za wiki na mwaka ubavuni mwake ni mambo ya zote tatu sawasawa.

Kazi kubwa

Meno ya shafti, ambayo hulika yakikosa grisi, ni ajali inayowasubiri wazembe wa aina zote. Kwenye GL1200, meno ya nyuma hupakwa grisi ya molibdenamu kila gurudumu linapotolewa, kazi ya dakika chache. BMW zote mbili zina meno pia kati ya klachi na gia boksi, na kuyafikia kunadai gia boksi isogezwe nyuma au itolewe. Kwenye R100RT hiyo ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu aliyeizoea, na kwenye K100RT ni zaidi ya hapo. K100RT ina tundu dogo chini ya pampu yake ya maji na oili. Likianza kudondosha, sili zimechoka, na usingoje maji na oili vionane. Moshi wake wa buluu asubuhi baada ya kuegeshwa kwa stendi ya pembeni si wa kutisha, kwani oili hutiririka ndani ya silinda zilizolala na kuungua mara moja. GL1200 haina kazi nyingi za aina hii, lakini ile moja ya koili ya chaji inatosha kuijaza safu yake.

Vipuri, fundi na barabara

BMW bado hutoa sehemu nyingi za mashine zake za zamani, na R100RT ina soko pana la watengenezaji wengine. Vya GL1200 hupatikana kwa urahisi zaidi Marekani. K100RT iko katikati: sehemu za chuma hudumu sana, ila vifaa vya umeme vya asili vina bei ya kuumiza.

Kwa Afrika Mashariki lipo jambo ambalo wauzaji wa Ulaya hawalijui. Mafundi wengi wa bodaboda wamekulia kwenye pikipiki za Kichina zenye injini ya mtindo wa Honda CG125, yaani zenye pushirodi (fito zinazosukuma valvu), tapeti za skrubu, kabureta na kupozwa kwa hewa. Fundi huyo wa Singida au Kitui akiiona R100RT atashangaa ukubwa wake, lakini kichwa cha silinda kikifunguliwa atajua anachokitazama. Kwa K100RT, afadhali umtafute fundi umeme wa magari. GL1200 inahitaji watu wawili wenye nguvu kabla ya kuhitaji fundi, kwa sababu ikiwa na ngao na masanduku yake kamili ina uzito wa zaidi ya kilo 300, na kwenye barabara ya vumbi au mchanga uzito huo ndio hitilafu ya kwanza. Kwenye foleni ya malori inayopanda Kitonga, hata hivyo, maji na feni vya GL1200 na K100RT vitakuweka mtulivu, wakati mwenye R100RT atalazimika kusimama kando na kuiacha injini ipoe.

Uchaguzi kwa hali yako

Ukiishi Ulaya au Marekani, una banda la kufanyia kazi, na safari zako ni za barabara kuu ukiwa na abiria, GL1200 itakupa starehe ambayo hizo mbili nyingine hazina. Ila usilipe kabla ya kuona volti ikipanda, nyaya tatu za manjano kwa macho yako, na ushahidi wa mikanda.

Ukiwa unauelewa umeme, au una ndugu anayeuelewa, na unaendesha kila siku mjini na masafa marefu mwishoni mwa juma, K100RT inakufaa. Inunue kwa bei inayokuachia akiba ya mabomba ya mpira, sili za pampu na kupaka grisi meno ya gia boksi mara moja mwanzoni, hata kama muuzaji anaapa kwamba kazi hiyo imefanyika.

Ukiwa Tanzania, Kenya au Uganda, au ukipanga kuvuka mipaka mahali ambapo kifurushi cha vipuri huchukua wiki nyingi kufika, R100RT ina nafasi kubwa zaidi ya kukurudisha nyumbani, kwa sharti kwamba uko tayari kushika fila geji wewe mwenyewe. Beba rota moja, brashi, balbu ya taa ya chaji, mipira miwili ya kabureta na oringi za filta. Vyote vinaenea kwenye kona ya sanduku moja.

Na ikiwa hupendi kabisa kushika spana, na unakoishi hakuna fundi anayezijua mashine hizi, subiri. Endelea kuweka akiba ya pikipiki ndogo iliyo mpya zaidi, ambayo ina wakala katika mji wako.